Kofia na Herufi H

Tik. Kimya. Tik, tik.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na gizani mle sikuhitaji kuuliza ni nini. Noela, binti yangu, alikuwa chini ya meza na ile kibodi mbovu niliyopewa na fundi simu wa hapa Mfaranyaki. Haijaunganishwa na kitu chochote. Mimi huzoezea vidole. Yeye huendeshea shule ya mdoli wake.

"Umekosea tena," alimwambia mdoli. Tik. "Hapa hakuna kufuta. Rudi kwenu Lusewa."

Njiti ya kiberiti ikanivunjikia mkononi.

Kuna hasira ya moto wa mabua, inawaka na kwisha. Na kuna hasira ya moto wa pumba: juu majivu, chini kaa. Yangu ilikuwa ya pumba, tangu siku alipoondoka Edna, mwenzangu wa darasani.

Tunasoma jioni, kituo kimoja kule Msamala, darasa la kuingiza takwimu za mazao. Unafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, unaandika amri, na kompyuta kubwa iliyoko mji mwingine kabisa inakujibu kwa maandishi. Hakuna picha wala madoido. Atakayefaulu jaribio la vitendo anapelekwa kwenye ghala la mahindi, kazi ya kukaa kitini, ya mwezi hadi mwezi. Mimi naitaka kazi hiyo kama mgonjwa anavyotaka kukuche.

Lakini madirisha yetu yalikuwa na ukorofi wake. Majina ya mafolda yalitokea kwa bluu iliyoiva juu ya weusi, ungedhani yameandikwa kwa mkaa ndani ya chungu. Na ukikosea herufi, ukabonyeza kitufe cha kufuta, hakifuti. Kinaongeza! Kinakuwekea alama kama kofia ndogo iliyochongoka, na herufi H pembeni yake. Ukibonyeza tena, kofia nyingine, H nyingine, mpaka kosa lako moja linafuatwa na msafara kama bibi harusi. Dawa ilikuwa moja tu: bonyeza Enter, ulikubali kosa, uanze mstari upya. Na kila kosa Mwalimu Gaspari alilihesabu.

"Hapa hakuna kufuta," alikuwa akisema, mikono nyuma, akipita katikati ya viti. "Gunia la mkulima ukiliandika vibaya, limepotea. Nidhamu!"

Tuliamini. Tukajifunza kuandika kama watu wanaokanyaga mayai. Zena, mcheshi wetu wa Tunduru, alikuwa akipiga bismillahi kabla ya kila amri, "maana hapa, jamani, toba haipokelewi." Tukacheka.

Edna hakucheka. Alizijua amri zote kichwani, na mimi nilipokwama yeye ndiye aliyeninong'oneza. Ila vidole vyake vilikuwa vya jembe, kimoja kinagusa vitufe viwili. Makosa yalipozidi, Mwalimu alimwondoa kwenye orodha ya jaribio mbele yetu sote. "Kompyuta haikutaki, binti. Rudi kwenu Lusewa." Edna akajifunga kanga yake vizuri, polepole, kama anayekwenda msibani, akatoka. Sisi tukainamia kibodi zetu. Usiku ule nilimsimulia dada yangu kwa simu, nikidhani mtoto amelala.

Kumbe mtoto alikuwa macho, yuko darasani.

Usiku huo wa kukatika umeme, jirani anayenishikia Noela alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya, na kesho yake ndiyo jaribio. Nikamvika sweta mbili, nikambeba mgongoni na mdoli wake, tukatembea mpaka Msamala. Upepo wa Juni ulikuwa unashuka kutoka milima ya Matogoro kama mtu anayetudai. Kituoni jenereta lilikuwa linanguruma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na huyo? Tumefungua chekechea?"

"Jirani ametoka. Atakaa kimya, Mwalimu."

"Akilia, mnatoka wote."

Jenereta halikuweza kubeba kompyuta zote. Tukabanwa upande mmoja, na mimi nikaangukia kiti kilicho ubavuni mwa Mwalimu, Noela mapajani. Ndipo nilipoona. Alikuwa anaandika harakaharaka, akakosea, kidole chake kikaenda kwenye kitufe kilekile, na herufi ikatoweka. Hakuna kofia. Hakuna H. Akaendelea, kama mtu aliyejipangusa unga mikononi. Na mafolda yake yalikuwa ya njano, makubwa, yanasomeka hadi mlangoni.

"Mwalimu, chako kinafuta."

"Nini?"

"Kitufe. Chako kinafuta. Vyetu vinaleta kofia."

Vidole vyote chumbani vikasimama. 

"Ni mipangilio tu," alijibu, macho kwenye skrini. "Kila dirisha lina yake."

Mipangilio tu! Neno dogo kama punje ya mtama, na ndilo lililomzibia mtu njia.

"Ulikuwa unajua?"

"Mama Noela, mimi nilijifunzia taipureta, kwa padri mmoja mkali. Ukikosea herufi moja, anaichana karatasi nzima mbele ya wenzako. Nililia, lakini nikawa makini. Nimewaachia hivyo kwa faida yenu."

"Na Edna? Faida yake iko wapi?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. Bila miwani alionekana mdogo, karibu mtoto. "Edna hakuwa makini."

"Edna alikosea mara moja, dirisha likamsingizia mara tatu!"

"Punguza sauti. Na utaratibu unaufahamu: anayegusa mipangilio, kesho hana jaribio."

Laiti ningeweza kusema niliwaza makubwa. Niliwaza ghala, na kiti changu ndani yake, na asubuhi ninayotoka nyumbani nimebeba mkoba badala ya jembe la kibarua. Kesho tu. Nyamaza mpaka kesho, Fausta. Lakini Noela alikuwa amemkumbatia mdoli aliyemfukuza saa moja nyuma, anamwangalia Mwalimu kwa makini, mdomo wazi kidogo, kama anayejifunza. Maneno yale ya kumfukuza mdoli aliyatamka vizuri kuliko anavyosali Baba Yetu.

Nikashika kipanya. Nikabofya kwa kitufe chake cha kulia juu ya kichwa cha dirisha, orodha ikateremka, nami nikachagua kubadilisha mipangilio. Nikaikuta sehemu ya kibodi. Palikuwa na viduara viwili, kimoja kina nukta. Nukta nikaihamisha. Nikaenda kwenye rangi, ile bluu nikaing'arisha mpaka ikawa anga ya saa nne asubuhi. Nikakuza herufi. Nikahifadhi.

"Fausta." Hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Nitakukata jina."

"Kata, Mwalimu. Lakini mimi nimeshachoka kuvishwa kofia."

Kiti kikaburutwa nyuma yangu. "Dada, umebofya wapi?" Alikuwa Zena, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha sautini. "Rudia polepole, nione." Kiti kingine kikaburutwa. Halafu kingine.

Mwalimu Gaspari alikuja akasimama mgongoni mwangu. Nilimsikia anavyopumua. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, haikuandika.

Nikarudisha vidole kwenye kibodi. Nilitaka kuandika jina la Edna, nikaishia Edm. Basi nikakishika kidole cha Noela, kilekile cha chini ya meza, nikakipeleka kwenye kitufe. Akakirudisha nyuma.

"Hicho kibaya," alininong'oneza.

"Jaribu, mama."

Akamtazama Mwalimu kwanza. Kisha akabonyeza, taratibu, macho ameyafumba nusu kama anayesubiri kibao. Tik. Akayafumbua, akasogeza uso karibu na skrini, akapagusa mahali palipokuwa na herufi.

"Mama, imefutika," alisema kwa sauti.