Mvua ya Saa Kumi na Mbili

Ujumbe ulipoingia kwenye simu, Kamaliza alikuwa anasonga ugali, na ugali wenyewe ukaungua. Ugali wa Kamaliza hauungui hivi hivi, kwa hiyo jua mapema kwamba jambo lilikuwa zito. Biro, yaani ofisi ya hali ya hewa ya Goma, ilikuwa imemwandikia mume wake, Rutayisire, kwa heshima zote. Katika siku arobaini za kiangazi, daftari la Papa Rutayisire lilisema mvua sifuri, lakini mashine mpya ya kupimia ilisema mvua inanyesha kila asubuhi saa kumi na mbili, milimita mbili, siku nyingine milimita tatu. Basi Alhamisi enjenia Gaëlle angepanda mlimani kuchukua madaftari yote ya miaka kumi na moja, na kama tofauti ile haitapata maelezo, yangewekwa kando, yasitumike tena.

Kamaliza aliusoma ujumbe mara tatu huku moshi wa ugali ukimwingia machoni. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko siku ndama wake wa kwanza alipokufa, na ndama yule alimlilia wiki nzima.

Maana, tusifichane, madaftari yale yalikuwa yake. Jina lililokuwa kwenye jalada ni la Rutayisire, kwa sababu siku watu wa Goma walipokuja kutafuta mpimaji wa mvua kwenye kilima kile cha Masisi, waliuliza mwenye nyumba ni nani, na mwenye nyumba akasimama akapokea kalamu. Lakini mvua hupimwa saa mbili kamili asubuhi, na saa mbili kamili Rutayisire huwa ameshafika barabarani na maziwa yake, pikipiki imebeba mabidoni, yaani madumu, manne, anabishana na wanunuzi. Basi mkewe akaishika kalamu siku ya kwanza, akaishika na ya pili, na hakuna aliyekuja kumnyang'anya. Kila asubuhi alikwenda kwenye kopo la bati nyuma ya zizi, akamimina maji kwenye kichupa chenye mistari, akainama mpaka macho yakawa sawa na maji, akasoma, akaandika, akatuma Goma kwa simu. Homa, mimba, arusi za watu, havikumzuia. Hata asubuhi ile risasi zilipolia ng'ambo ya bonde aliandika kwanza, ndipo akakimbia na wenzake.

Mwaka mmoja Rutayisire aliitwa Goma akapewa brevet, yaani cheti, ya mpimaji bora, akapigiwa makofi ukumbi mzima. Kamaliza aliona sawa tu. Karatasi ilikuwa ya mume, mvua zilikuwa zake. Hayo aliyameza bila shida, lakini kuambiwa kwamba alikuwa akiandika uongo, hilo lilimkwama kooni.

Na mashine yenyewe hakuichukia. Gaëlle alikuwa ameileta mwanzoni mwa Juni, akaisimamisha nyuma ya zizi: nguzo ya chuma, juu yake bakuli jeupe pana, na kando kidogo sahani ya jua ya kuipa umeme na sanduku lenye antena. Inasoma yenyewe, inatuma Goma yenyewe, mchana na usiku. Alikuwa amesimamisha tatu, moja Walikale kwenye msitu, njia ya kwenda Bisie, moja Bweremana kando ya ziwa, na hii ya tatu. Zile mbili hazikumsumbua mtu. Miezi mitatu mashine na daftari viende pamoja, kisha daftari lipumzike. Kamaliza alikubali, maana miguu yake nayo ilikuwa imechoka na umande. Aliwaita watoto na baba yao, wote wakasikia agizo la Gaëlle kwa masikio yao: musiguse sahani ya jua, musiguse sanduku. Na kweli, hakuna aliyegusa.

"Papa Gisubizo," alimwambia mumewe jioni ile, maana mtoto wao wa kwanza ni Gisubizo, "umesoma maneno ya Goma?"

"Nimesoma."

"Banasema ninadanganya."

"Banasema mimi njo ninadanganya. Jina iko yangu."

"Na mvua iko ya nani?"

Rutayisire aliinamia sahani yake, akaula ule ugali ulioungua mpaka ukaisha, bila kulalamika hata mara moja. Mwanamume mwenye akili hujua jioni ya kulalamika.

Jumatano Kamaliza alikata shauri kwenda kuiona hiyo mvua kwa macho yake. Kwa kawaida saa kumi na mbili huwa jikoni, upande wa mbele, anapuliza moto. Siku ile moto aliuacha ujipulize wenyewe. Alijifunga kitenge, akasimama nyuma ya zizi, kidevu juu. Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kusingizia.

Akaja Rutayisire, na bidoni mkononi, ametoka kulisuuza.

Sasa wewe ambaye hujaishi na maziwa, sikiliza. Bidoni likibaki na maji chini, maziwa yanaharibika kabla hayajafika barabarani, na mnunuzi anayamwaga mtaroni, jina lako anamwaga nalo. Kwa hiyo kwenye vilima vile kila nyumba hupindua mabidoni juu ya mti wa ua, mdomo chini, mpaka tone la mwisho litoke. Mti wa Rutayisire ulikuwa umepinda na bidoni lilikuwa likianguka kila mara. Lakini tangu Juni alikuwa amepata nguzo nzuri ya chuma, imesimama wima, na juu yake bakuli la kushika bidoni mabegani lisiyumbe. Alilipindua bidoni pale, akalipiga kofi matakoni, akageuka kwenda kwa ng'ombe huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani.

"Papa Gisubizo."

Mluzi ulikatika.

"Unafanya nini pale?"

"Niko naanika bidoni."

"Kila siku?"

"Kila siku. Moya kisha ingine. Kale kachuma kanashika muzuri sana." Aliona uso wa mkewe, akaongeza haraka, "Sikugusa sahani. Sikugusa sanduku."

Kamaliza aliketi kwenye majani, umande na yote. Alitaka kumpiga na kitu, akatazama huku na huku, hakikuwepo cha kutosha.

"Ile bakuli njo inapima mvua," alisema.

Rutayisire alitazama bakuli, akatazama bidoni, akamtazama mkewe. "Si inapimia mu sanduku?"

"Maji itaingia mu sanduku namna gani, Papa?"

Alijikuna kichwa muda mrefu. Halafu hofu ikamshika, na mkewe akaiona inavyomshika. "Mama Gisubizo, tuseme ni umande. Ao upepo. Mutu mwenye kupima mvua miaka kumi na moja hawezi kuweka bidoni juu ya mashine ya mvua. Batajua sikupimaka hata siku moya. Nitapita wapi? Mimi muzee wa kanisa?"

"Na kaye zangu za mvua batazitupa?"

Rutayisire alirudi kwa ng'ombe. Siku ile nzima hawakusemezana, isipokuwa maneno mawili matatu kuhusu chumvi ya ng'ombe.

Alhamisi Gaëlle alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Msichana wa Goma, mwepesi wa maneno na wa kucheka, lakini siku ile hakucheka. Alimsalimia Papa kwanza, kisha Mama, akapewa kiti na kikombe cha maziwa, akafungua tableti magotini.

"Papa, nisaidie. Hii mvua ya kila asubuhi inatoka wapi?"

"Labda umande," alisema Rutayisire.

"Umande milimita tatu, Papa?"

"Ao upepo."

"Upepo wa kuleta maji, mu mwezi wa saba?"

Rutayisire alichunguza viatu vyake. Gaëlle alisubiri kwa adabu, akamaliza maziwa, akashusha pumzi. Alisema anasikitika sana. Halafu akafungua mfuko wake na kuanza kuingiza madaftari, lile la kwanza lenye jalada la bluu, la pili, la tatu. Kamaliza aliyaona yakizama mle moja moja. Lilipoinuliwa la nne, alisimama.

Hakumtazama mumewe, maana angemtazama angemhurumia. Alichukua bidoni, akalisuuza pale pale mbele ya mgeni, akaenda nalo mpaka kwenye nguzo.

"Dada Gaëlle, angalia ile tableti yako."

Akalipindua.

Jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Ng'ombe walikuwa wanatafuna. Gaëlle alitazama kioo chake, akakisogeza karibu na pua. Sifuri nukta mbili. Akapangusa kioo kwa kiganja. Sifuri nukta nne.

"Inanyesha," alisema polepole.

"Inanyesha sana," alisema Kamaliza.

Gaëlle alicheka mpaka tableti ikataka kumponyoka. Alipiga paja lake na kusema kosa ni lake mwenyewe, alikataza sahani na sanduku, bakuli alilisahau, Walikale hakuna bidoni za maziwa na Bweremana wanaanika samaki. Alicheka akapangusa macho. Kisha cheko likamwisha, akageuka, kwa sababu hakuwa mjinga.

"Na nani aliiweka pale?"

Watoto walikuwepo pale uani, watatu, na kila mmoja angefaa kusingiziwa. Kamaliza alimwona mumewe akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Alingoja. Aliogopa jibu kuliko alivyouogopa ule ujumbe wa Goma.

Rutayisire alivua kofia.

"Ni mimi. Ninaweka kila siku. Sijue hata maji inapita wapi mu ile mashine." Akamwonyesha mkewe kwa kofia. "Mupimaji njo huyu. Tangu siku ya kwanza. Mimi nilipokeaka kalamu tu."

Gaëlle alitoa tena madaftari mfukoni, akayafungua hapa na pale. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, mwandiko mdogo ule ule, saba zile zile zenye mkia mrefu, na siku arobaini za kiangazi zenye sifuri arobaini za kweli. Alivuta tableti.

"Mama, jina lako. Mama Gisubizo haiingie humu."

Kamaliza alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka nyembamba. "Kamaliza. Kamaliza Valérie."

Gaëlle aliandika. Mahali pa mpimaji jina la Rutayisire likafutika, na tableti ikauliza kama ibadilishe tarehe zote. Kidole kikashuka.

"Ngoja," alisema Kamaliza.

Alichukua daftari la tano, akalifunua bila kutafuta sana, akaweka kidole kwenye tarehe kumi na nne Aprili. Pale palikuwa na mwandiko mwingine, herufi kubwa zenye kulalia upande, na hakukuwa na namba yoyote. Iliandikwa: Mvua mingi. Mutoto mwanamuke.

"Hii haiko yangu. Siku ile nilikuwa nazaa Umugwaneza. Ni yake, umuachie."

"Lakini Mama, haina milimita. Kompyuta itaikataa."

"Umuachie tu."

Gaëlle aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, kisha akaandika alivyoambiwa. Siku elfu nne na zaidi, Kamaliza Valérie. Siku moja, Rutayisire. Rutayisire alisogea, kofia bado mkononi, akachungulia juu ya bega la enjenia kulitafuta jina lake mpaka akalipata.

"Ilikuwa mingi kweli," alisema.

Na Kamaliza, ambaye siku ile hakuiona mvua wala dirisha, alimwamini.