Almudi za Ng'ambo ya Mto

Kaka yangu Tranquilino alipokubali kumwoza binti yake Nicanora, alitaka kitu kimoja tu: almudi ishirini za mahindi kwa ajili ya karamu. Almudi ni kisanduku cha mbao tunachopimia nafaka huku milimani Oaxaca, na sijui nyumba isiyo nacho. Mshenga alilipokea neno, akavuka nalo mto, akalifikisha kama alivyopewa. Upande wa pili wakasema sawa, mahindi yatakuja.

Bwana harusi aliitwa Fidencio. Alikuwa ameondokewa na baba angali mdogo, akalelewa na mama yake, Eufrosina, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, aliyelima kipande cha shamba kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kusitasita. Sisi tulikuwa tumemwona mara moja tu, siku ya posa, na siku hiyo alikula kidogo na kushukuru sana.

Basi juma la harusi wakaja, mama na mwana, na punda mmoja aliyebeba magunia. Mimi nilikuwa uani na wanawake wengine tunanyonyoa bata mzinga. Wifi yangu Basilisa, mke wa kaka, aliwapokea, akawaketisha kivulini, akawapa uji wa moto. Eufrosina alikuwa amevaa gauni jipya, likiwa bado na mikunjo ya dukani, na vumbi la njia lilikuwa limempanda mpaka magotini.

Kwetu mahindi ya harusi hupimwa mbele ya watu. Kaka yangu alitandika mkeka, akaleta almudi yake, akaanza kuchota na kumimina huku akihesabu kwa sauti, maana alipenda majirani wasikie binti yake ameheshimiwa. Alipofika kumi alitia mkono ndani ya gunia la mwisho, akalikung'uta. Zikadondoka punje chache.

Kisha binamu yetu Odilia, ambaye Mungu alimpa ulimi akasahau kumpa breki, akasema chinichini, lakini si chini ya kutosha, "Labda yamechoka kupanda mlima, yakasinyaa."

Wanawake wawili watatu wakacheka. Nicanora alikuwa amesimama mlangoni, akauma mdomo. Fidencio alikuwa akitazama miguu yake.

Eufrosina aliweka bakuli la uji chini. Alisema alipima mwenyewe, nyumbani kwake, zikawa ishirini, na kila moja aliijaza mpaka ikamwagika. Kaka yangu hakumwita mwongo, lakini aliuangalia mkeka, na kwa mtu kama Tranquilino hilo lilitosha. Mama yule alisimama, akajifunga mtandio wake upya.

"Nisubirini," alisema. "Nitarudi nyumbani nikashushe yale yaliyotundikwa darini. Jioni nitakuwa hapa."

"Mama," Fidencio akasema. "Yale ni ya mbegu."

"Nyamaza, mwanangu."

Kila mtu pale uani alikuwa mkulima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya mjane kula mbegu yake. Hata Odilia aliinamia bata wake akaendelea kunyonyoa.

Nicanora ndiye aliyetoka mlangoni. Alimwendea mama mkwe wake, akamshika kiwiko, akamuuliza kwa upole alipima kwa chombo gani. Eufrosina akaenda kwa punda, akafungua furushi, akatoa almudi yake. Alikuwa ameibeba, akidhani huenda ikahitajika. Ilikuwa ndogo, kingo zake zimelainika kwa kushikwa, na marehemu mumewe ndiye aliyeiunda, alisema, mwaka walipooana.

Nicanora aliiweka kando ya ile ya baba yake. Kisha akaingia jikoni, akarudi na kopo la maziwa la lita moja, akalijaza mahindi na kumimina ndani ya almudi ya baba. Yaliingia makopo manne. Akamimina katika ile nyingine. Yaliingia mawili, na hapakuwa na nafasi ya punje zaidi.

Tuliishi tukitazamana na watu wale, moshi wa jikoni zao tukiuona kila asubuhi, na hapakuwa na mmoja wetu aliyejua kwamba almudi yao ni nusu ya yetu. Neno lilikuwa moja, tukadhani na kipimo ni kimoja.

Kaka yangu alichuchumaa pale kwenye mkeka muda mrefu. Namjua tangu utotoni: ni mtu anayeweza kununa mwezi mzima kwa sababu ya kuku aliyepotea, na niliogopa atakachosema. Alichukua ile almudi ndogo, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye maungio yake, pale fundi alipobananisha mbao bila msumari.

"Huyu alikuwa na mkono," alisema.

Eufrosina akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamemfika lakini hakuyaruhusu.

"Mkwe wangu," kaka yangu akasema, "kaa, umalizie uji wako. Mimi nilitaka almudi ishirini, nawe umeleta ishirini. Sikusema za nani."

Akazirudisha punje zile za jaribio kwenye mkeka, kwa mikono miwili, kana kwamba anawafunika watoto shuka.

Mahindi hayakutosha, bila shaka. Basilisa alinituma kwa majirani, na kila nyumba ikatoa kidogo, nasi tukakunja tamali, vile vitonge vya unga wa mahindi vinavyopikwa ndani ya maganda, ndogo kuliko kawaida. Odilia alizikunja nyingi kuliko sisi sote, tena kimya, na kila mara akimsogezea Eufrosina kiti mahali pasipo na moshi. Wageni walishiba. Wakati wa ngoma ya bata mzinga, ambayo kwetu huchezwa na ndege begani, Eufrosina alitupiwa ndege mabegani, akacheza naye, gauni likimpepea, akicheka mkono ukiwa mdomoni kama msichana.

Kulipokucha walimchukua bibi harusi kwao. Kaka yangu hana desturi ya kumsindikiza mgeni kupita lango, lakini siku hiyo alijitwika begani furushi la nguo za Nicanora, akaenda nao. Alirudi jua likiwa limepanda, suruali yake imelowa mpaka mapajani. Alikaa karibu na meko akijikausha.

Basilisa alimwekea tamali mbili zilizobaki. Akakaa naye mpaka alipomaliza kula.