Mama Aliyeshuka Kabla ya Mapumziko

Kila Jumapili, saa nane na nusu mchana, fundi miwani alifunga duka lake, akapuliza lenzi zake mwenyewe na kuzipangusa kwa ncha ya shati, kisha akatia mfukoni leso mbili. Moja ilikuwa ya mapenzi, nyingine ya mama. Alikwishajifunza kwa aibu kwamba leso moja haitoshi filamu ya Kihindi ya muda wa saa tatu, na kwamba anayejifuta kwa mkono wa shati atasimuliwa mtaani mpaka Jumatano.

Mtaani walimwita Steringi, yaani nyota wa filamu. Walimpa jina hilo kwa dhihaka, naye akalipokea kwa kuwa hakuwa na namna. Steringi wa kweli ana kifua, ana nywele, na hupiga majambazi kumi na wawili bila shati kuchomoka kwenye suruali. Yeye alikuwa na kitambi, upara uliong'aa kuliko bidhaa zake, na goti la kushoto lililolalamika kila alipopanda ngazi. "Mimi hata nikipigana na mlango," alizoea kusema, "mlango ndio steringi."

Filamu ilipoisha alirudi nyumbani kwa miguu, macho mekundu, akamkuta shemeji yake amekwishaketi mezani. Shemeji huyu, mume wa dada yake mdogo, alifundisha fasihi chuoni na kuandika ukurasa wa sanaa katika gazeti la wiki. Watu walimwita Mhakiki. Mkewe alikuwa muuguzi, na kazi ilikuwa imempeleka nchi nyingine kwa miaka miwili, basi Mhakiki alikula kila Jumapili kwa mama mkwe. Hakuwa amelia tangu utotoni, na alilitaja jambo hilo kama wengine wanavyotaja shahada zao.

"Haya, leo amekufa nani?" aliuliza.

"Hajafa mtu. Wamepoteana stesheni."

"Halafu wakaimba."

"Sasa ulitaka wafanye nini? Waandike ripoti?"

Hapo mjadala ulianza. Mhakiki alisema haiwezekani wapenzi wawili wabadili nguo mara tano katika wimbo mmoja, tena juu ya milima mitatu. Steringi alijibu kwamba haiwezekani na si kweli ni vitu viwili, na kwamba mvua ikinyesha juu ya wapendanao wawili tu, hiyo si dosari, hiyo ni adabu ya mvua. Mhakiki aliwahi kuandika kuwa sinema ya Kihindi ni sukari inayopakuliwa kama chakula. Steringi alimjibu kwa barua ya kurasa sita. Gazeti lilichapa mistari yake minne, katika safu ya vitu vilivyopotea na kuokotwa.

Muda wote huo mama yake Steringi alikuwa akiingia na kutoka. Alileta wali, akaleta maharage, akaleta maji ya kunawa. Alitembea akigusa ukuta kwa ncha za vidole, kama mtu anayehakikisha kuwa nyumba bado ipo. Wanaume wale wawili walisogeza viwiko apite.

Filamu iliyopendwa kuliko zote pale sinema ilikuwa ya zamani, na ilirudiwa kila Jumapili kwa sababu msimamizi wa ukumbi hakuwa na nyingine yenye sauti nzima. Ilihusu mama mjane, mshona vifungo, aliyepotelewa na mwanawe stesheni. Anashona na kungoja mpaka nuru ya macho inamtoka. Katika dakika ya mia na sabini, mwana anarudi amevaa shati ambalo mama alilishona, mama analipapasa, anakitambua kifungo cha tatu, na macho yanafunguka. Steringi alikuwa ameiona mara themanini na moja. Dakika ya mia na sitini na tano alikuwa tayari ameshikilia leso ya pili.

Jumapili ya themanini na mbili, dakika chache kabla ya mapumziko, yule mama wa kwenye filamu aliweka sindano chini, akakunja goti, akashuka kutoka kwenye pazia la sinema. Alishuka kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi. Watu wa safu ya mbele walimwambia aharakishe, anawaziba. Alipapasa viti mpaka safu ya tatu, akasimama mbele ya Steringi. Alisema maneno ya Kihindi, na tafsiri yake ikapita kwa herufi nyeupe usawa wa magoti yake: *Wewe ndiye unayelia kuliko wote. Kwenu kuna mahali pa kupumzika?*

"Papo, Mama," Steringi alisema, na leso ya mama ikaisha hapo hapo.

Mlangoni mkata tiketi aliwakumbusha kuwa atokaye kabla ya mapumziko harudi ndani kwa tiketi ile ile.

Nyumbani mama mwenyeji alimpokea mgeni, akamnawisha mikono, akamwonyesha pa kulala. Aliuliza kitu kimoja tu: kama mgeni anakula chumvi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu aliliomba mwenyewe siku ya kwanza. Alitaka kufagia, akataka kuosha masufuria. Steringi alikataa katakata. Alimketisha kwenye kiti cha pekee chenye mto, akamvua viatu, akapiga magoti mbele yake asubuhi na jioni, ingawa kuinuka kulihitaji msaada wa kabati. Alifunga duka siku nzima ili ampime macho. Alimwangazia taa, akamjaribishia lenzi za kila namba, akamtengenezea miwani yenye fremu ya dhahabu iliyokuwa imekaa dirishani miaka minne ikingoja tajiri. Alijua fika kuwa macho yale hufunguka dakika ya mia na sabini na si kwa miwani. "Najua," alimwambia Mhakiki, "lakini moyo wangu haukusomea kazi hii. Nimesoma mimi tu."

Mama yake alikuwa kando, anapuliza moto. Alinyoosha mkono kuchukua kitambaa, akashika sufuria. Alitia vidole kwenye maji, akaendelea.

Wale akina mama wawili walielewana upesi. Waliketi jikoni wakichambua maharage, mmoja akisema Kihindi na mwingine Kiswahili, na tafsiri ikipita chini bila kusomwa na yeyote. Steringi alidhani mama yake haijali tafsiri kwa kuwa hajui kusoma. Baadaye kidogo alikumbuka kuwa yeye mwenyewe alifundishwa kusoma na mama huyo huyo, kwa mkaa, kwenye sakafu ya nyumba hiyo. Wazo hilo lilipita kichwani mwake kama gari lisilosimama kituo chake.

Jumapili iliyofuata, wakiwa wote mezani, mgeni alivua miwani ya dhahabu, akamgeukia Steringi. Herufi nyeupe zikapita kwenye ukingo wa meza: *Dada huyu haoni.*

Mhakiki alivaa miwani yake, akaisoma sentensi kabla haijafutika.

"Tafsiri dhaifu," alisema. "Ila tukiwa wakarimu, 'haoni' hapa ni sitiari. Mama kama taifa, unaona? Taifa lisilojiona."

"Sitiari wapi!" Steringi alichukia. "Wewe hujui filamu hizi. Huo ni utangulizi wa sehemu ya pili. Mama mmoja akipofuka kabla ya mapumziko, lazima wa pili—"

"Ndiyo udhaifu wenyewe huo. Kila mama lazima apofuke."

"Kwa sababu kila mama analia!"

"Basi walie kwa kiasi!"

Mama yake Steringi alikuwa akimimina chai. Kikombe kilijaa, chai ikapanda ukingoni, ikashuka kwenye kisahani, kwenye meza, ikafika kwenye karatasi za Mhakiki. Mama aliendelea kumimina mpaka aliposikia matone sakafuni.

"Samahani, wanangu," alisema. "Mtoto wa jicho. Jicho la kulia mwaka wa tatu sasa, la kushoto tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja mmalize kuzungumza."

Steringi aliutazama uso wa mama yake kwa jicho la kazi. Ukungu ulikuwa wazi katika mboni zote mbili, mweupe kama maziwa kwenye kijiko. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuona kutoka upande wa pili wa barabara. Kwa daktari aliyekuwa akimpelekea wateja wake, ukungu kama huo ulikuwa kazi ya nusu saa. Machozi yalimtoka, na kutoka ukutani zikaanza kulia fidla, nyingi, pamoja na filimbi moja. Upepo ukaingia, ukatafuta nywele za kupeperusha juu ya kichwa chake, ukakosa, ukatoka.

"Mama yangu!" alilia. "Jumatatu nakupeleka. Jumatatu hii hii!"

"Haya, mwanangu," mama alijibu. "Sasa punguza hizo fidla, mgeni anasinzia."

Jumatatu Steringi aliamka na macho yaliyovimba kwa kulia, akaona si adabu kumpeleka mtu kwa daktari wa macho yeye akiwa katika hali hiyo. Jumanne kulikuwa na wateja. Jumatano alimsimulia jirani jinsi alivyolia Jumapili, akalia upya.

Alhamisi msimamizi wa sinema alibisha hodi. Alikuwa mtu mpole mwenye funguo nyingi. Alieleza kuwa filamu inazunguka bila mama: mwana anarudi na shati lake, anapiga magoti mbele ya kiti kitupu, anasema maneno yake yote kwa kiti. Watazamaji wameanza kuuliza. Alimwomba mgeni arudi.

Mgeni alikuwa kwenye beseni la vyombo, kwa kuwa Steringi hakuwepo kumzuia asubuhi ile. Hakugeuka. Maneno yakapita chini, usawa wa povu: *Nimelia miaka arobaini. Niacheni nioshe vyombo.*

Msimamizi alishusha pumzi. Mama yake Steringi, aliyekuwa akikausha sahani, aliuliza, "Kwani kazi yenyewe ni ipi?"

"Kukaa kwenye kiti, Mama. Kushona vifungo. Kutoona. Na kumngoja mwana."

"Hiyo naijua. Na huyo mwana, huja?"

"Huja, Mama. Dakika ya mia na sabini."

"Kila wiki?"

"Kila wiki, bila kukosa. Labda umeme ukatike."

"Na macho?"

"Yanafunguka. Kwa dakika nne hivi, mpaka mwisho."

Mama aliiweka sahani mahali pake, akajifunika shuka jeupe, akamshika mgeni mkono, wakaagana, akafuatana na msimamizi. Steringi aliporudi kutoka dukani alikuta chakula tayari na mama mmoja jikoni. Aliambiwa yaliyotokea, akaketi. Alikiri kuwa ni haki ya mama yake kupata kazi inayomfaa.

Jumapili alikuwa safu ya tatu, leso tatu mfukoni. Mama yake alitokea dakika ya ishirini, ameinamia kitambaa, anatia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Steringi alikuwa amemwona akifanya hivyo sebuleni kwake mara elfu, na hakuwahi kujua kuwa ni jambo la kuvunja moyo. Alilia kuanzia dakika ya ishirini na moja. Alilia wakati wa mapumziko, amesimama kwenye foleni ya choo, na watu wakampisha. Dakika ya mia na sabini mwana aliingia, mrefu, mwenye nywele. Mama alilipapasa shati, akafika kifungo cha tatu, macho yakafunguka. Hakumtazama yule mwana. Alitazama nje ya pazia, akahesabu safu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakiangalia kiti cha mwanawe kwa dakika zote nne. Steringi alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Amekutazama," mkata tiketi alimwambia mlangoni. "Alikuwa anatabasamu. Kuna neno alisema, ila leo tafsiri ilikatika."

"Nitaliona wiki ijayo," Steringi alisema.

Mama hakurudi nyumbani baada ya onyesho. Mle ndani alikuwa na kiti, mwanga, na mtu wa kumjia. Nyumbani yule mgeni wa zamani alipika, akafua, akakohoa kikohozi cha chini ambacho katika filamu za aina hii huwa hakiishii pazuri. Steringi na Mhakiki walisogeza viwiko apite.

Ijumaa gazeti lilitoka. Mhakiki aliandika kwamba alikwenda kuitazama filamu ile kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya familia, na kwamba mama huyu mpya ndiye udhaifu wake mkubwa. Anashona kwa mazoea mno. Anangoja bila kutushawishi kuwa anaumia. Mama wa kweli, aliandika, hangekuwa mkimya kiasi kile.

Steringi alisoma amesimama. Shemeji yake, aliyelishwa na mama huyo kila Jumapili! Alivuta kiti, akachukua karatasi, akaanza kujibu. Ijumaa aliandika kurasa mbili akazichana. Jumamosi alianza upya. Kufika Jumapili mchana hoja zilikuwa zinamjia zenyewe, kali, zenye mifano, na nyingine zilimliza mwenyewe alipozisoma kwa sauti. Saa nane na nusu ilipita. Saa tisa ilipita. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mama yake alipokuwa akifumbua macho na kuhesabu safu, yeye alikuwa kwenye ukurasa wa saba, akimtetea.