Nati Tano za Gurudumu la Kushoto

1.

TANGAZO

*(limebandikwa mlangoni, banda la matrekta, Ushirika wa Wakulima wa Mpunga Ikumbilo)*

Madereva wote wa matrekta madogo mnakumbushwa kwamba hakuna trekta litakalotoka bandani kabla ya kukaguliwa. Trekta dogo hutikisika sana matopeni, na nati hulegea zenyewe. Kila pini iangaliwe KWA MACHO. Kila nati ijaribiwe KWA SPANA. Mkaguzi atatia alama ya vema na kusaini.

Kwa amri ya Kamati.

*(chini yake, kwa penseli: Mzee Amba hahitaji spana. Ana sikio.)*

2.

Mzee Amba ndiye Ambakisye Mwakalobo, mkaguzi wetu, na habari ya sikio lake si fupi, kwa hiyo kaa vizuri.

Wakaguzi wa skimu nyingine huhangaika na spana namba kumi na tisa, wanalala chini ya trekta, wanatoka na matope hadi kwapani. Yeye alikuwa na nyundo ndogo. Anagonga nati, anasikiliza. Iliyokaza inalia *ngliii*. Iliyolegea inasema *du*. Basi, kazi imekwisha. Matrekta manne, nati arobaini za magurudumu ya nyuma, pini za majembe na za matela, na akirudi nyumbani uji wake bado unatoa moshi.

Watu walikuja kumtazama. Mgeni mmoja wa serikali alimpiga picha akiwa ameinama, nyundo mkononi, macho ameyafumba. Picha hiyo iko ukutani kwake mpaka leo.

Kabla ya hapo alisimama miaka kumi na tisa kando ya injini ya mashine ya kukoboa mpunga. Hakuna aliyefikiria kwamba injini nayo ilikuwa inafanya kazi yake kichwani mwa mzee wa watu.

3.

Vitu ambavyo Ambakisye ameacha kuvisikia, kwa jinsi vilivyofuatana kuondoka:

nyenje

manyunyu kwenye bati

redio (alilaumu betri, akanunua nyingine)

mkewe, akiwa jikoni

mkewe, akiwa mlangoni

na mwaka juzi, kabla ya kupandikiza,

*ngliii.*

4.

Hakumwambia mtu. Aliona aibu, na aibu ya mtu aliyesifiwa ni nzito kuliko ya mtu wa kawaida. Angeweza kuichukua spana, kweli. Lakini siku Mzee Amba atakapoonekana na spana, banda zima litauliza sikio limekwenda wapi.

Basi akawa anagonga vilevile, anafumba macho vilevile, na kidole gumba anakiweka juu ya nati ili kisikilize badala yake. Kidole kilimwambia nusu. Nusu nyingine alijaza mwenyewe.

5.

FOMU YA UKAGUZI. Jumanne.
Trekta dogo Na. 3. Dereva: Gwakisa Mwambeta.

Pini ya jembe ✓
Pini ya tela ✓
Gurudumu la nyuma kulia, nati 5 ✓ ✓ ✓ ✓ ✓
Gurudumu la nyuma kushoto, nati 5 ✓ ✓ ✓ ✓ ✓

Saini: *A. Mwakalobo*

6.

*(foleni ya bombani, Jumanne hiyohiyo, jioni)*

— Tairi limechomoka?

— Limechomoka lote, mwenzangu. Limetangulia peke yake barabarani, yeye na trekta wakaangukia mferejini.

— Na mguu?

— Wamekata. Chini ya goti.

— Alikuwa anakimbiza. Vijana hawa!

— Gwakisa? Akimbize? Yule hata baiskeli kwenye mteremko anaikokota!

— Sasa tairi lilitokaje, na Mzee Amba alishagonga?

— Hapo ndipo

— Sogeza ndoo, dada, zamu yako.

7.

TAARIFA YA AWALI YA AJALI

Fomu ya ukaguzi inaonesha nati zote zilikuwa zimekaza. Kwa kuwa mkaguzi ni mzoefu na hajawahi kukosea, Kamati inaona kwamba chanzo cha ajali ni mwendo kasi wa dereva.

Inapendekezwa dereva aondolewe kazini, na kitalu chake cha mpunga kirudishwe kwa Ushirika kufidia trekta.

Kikao cha kuthibitisha: Ijumaa, saa nne asubuhi. Mwenye la kusema aseme kabla kikao hakijafungwa. Kikishafungwa, uamuzi hautafunguliwa tena.

8.

Alhamisi Ambakisye alikwenda hospitali na mkungu mdogo wa ndizi. Alivuta kiti mpaka mbele ya uso wa Gwakisa, aione midomo. Mkewe Gwakisa, Tusekile, alikuwa upande wa dirisha.

"Ndaga, baba," Gwakisa akamwamkia, akajaribu kujiinua.

"Lala, mwanangu. Nimekuja kukuambia jambo. Zile nati sikuzisikia. Mimi sisikii. Sisikii kitu."

"Najua, baba."

Ambakisye alidhani midomo imemdanganya. Akamwomba arudie.

"Najua. Tangu mwaka juzi. Nilikupigia honi nikiwa nyuma yako, hukugeuka."

"Na ukaendelea kupanda trekta nililolikagua mimi?"

"Nilikuwa nikivuka daraja la kwanza nasimama. Natoa spana yangu, nakaza zote kumi, ndipo naendelea. Kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ndiye uliyeniweka kwenye usukani mara ya kwanza. Nikuvue nguo mbele za watu?"

Mzee alitazama pale blanketi lilipolala chini bila kitu ndani yake. Akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake.

"Na Jumanne?"

"Jumanne zamu yetu ya maji ilikuwa inaisha saa nne. Wapandikizaji walishaingia shambani, wananiita. Nikasema, leo tu."

Leo

tu.

"Kesho nitasema kikaoni," Ambakisye akasema.

"Usiseme, baba. Mguu haurudi. Wakikutoa hapo bandani utakaa wapi? Acha iandikwe kwamba nilikimbiza."

9.

*(Tusekile, akiwa amewapa mgongo. Ambakisye aliuona mgongo tu, akadhani dada wa watu anakunja shuka.)*

Heshima zenu hizo ndizo zilizomla mume wangu mguu. Mnastahiana ninyi wawili, na mimi ndiye nitakayembeba mpaka chooni. Kitalu kikienda, wanangu watatu watakula heshima? Kama kesho huyu mzee hasemi, nisimwone tena hapa na ndizi zake.

10.

Na wewe unayesoma, usinikunjie uso. Hujawahi kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa neno ambalo hukulisikia? Hujawahi kucheka kwa sababu wenzako wamecheka? Tofauti yako na Ambakisye ni kwamba ndiyo yako haikufungwa kwenye gurudumu.

Nami ninayesimulia nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya uchaguzi uliopita. Karani alimwita mara tatu. Nilimgusa bega, akatabasamu, nami nikatabasamu, nikanyamaza kama Gwakisa. Kwa hiyo tuko wengi.

11.

Maneno aliyoyafanyia mazoezi njiani, Ijumaa, kati ya nyumba yake na ofisi ya Ushirika:

Ndugu Mwenyekiti, kuhusu zile nati

Ndugu Mwenyekiti, kila mtu hufika umri ambao

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni kizi

Ndugu Mwenyekiti, Gwakisa hakukimbiza. Mimi ni kiziwi. Trekta lilitoka bovu mikononi mwangu.

Hayo ya mwisho aliyarudia mara sita. Yalimuuma kila mara, lakini yalikuwa yamenyooka.

12.

Aliwahi ili apate benchi la mbele. Benchi la mbele lilikuwa na karatasi: WAGENI WA WILAYA. Akaelekezwa nyuma, karibu na magunia ya mbolea.

Kutoka nyuma aliona visogo.

Mwenyekiti aliposimama kusoma, aliiinua taarifa ikamziba mdomo. Ambakisye akaona paji la uso, miwani, vidole. Taarifa ilikuwa kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ukageuzwa. Wa pili. Akajiambia, karatasi ikishuka ndiyo nafasi yangu, hapo ndipo watauliza, na mimi nitasimama.

Karatasi ikashuka.

Mdomo wa Mwenyekiti ulicheza kidogo, ukatulia. Ukacheza tena, vilevile. Yeye akawa bado anayapanga maneno yake. Mdomo ukacheza mara ya tatu, kwa namna nyingine.

Ambakisye akashika benchi la mbele yake. Akasimama.

Na ukumbi mzima ukasimama.

Kwa kitambo kidogo, na hiki ndicho kinachoniumiza mimi, alifikiri wamesimama kwa ajili yake.

13.

MUHTASARI WA KIKAO *(dondoo)*

3.1 Taarifa ilisomwa na kupokelewa.

3.2 Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama yupo mwenye la kuongeza. Hakuna aliyejitokeza.

3.3 Mkaguzi, Mzee A. Mwakalobo, alihudhuria.

4. Kikao kilifungwa kwa sala, saa 5:20.

14.

Vichwa vilikuwa vimeinama. Alipoviona vimeinama alielewa.

Kisha vichwa vikainuka. Watu wakaanza kupangusa suruali, kusogeza mabenchi, kutafuta mlango. Mwenyekiti akafunga daftari, akawageukia wageni. Mtu mmoja alimpita Ambakisye, akamshika mkono kwa mikono miwili, midomo ikasema kitu cha upole.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema Ambakisye.

Hakujua ametoa sauti ya kiasi gani. Huenda alipiga kelele. Huenda ilikuwa ni pumzi tu. Hakuwa na njia ya kujua.

"Ndugu Mwenyekiti, Gwakisa hakukimbiza."

Alisimama pale kati ya magunia, mdomo wazi, akivitazama visogo kimoja kimoja, akingoja hata kimoja kigeuke.