Bugali Haina Wasongaji Wawili

Asubuhi niliposhindwa kuinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, Charlène alicheka.

"Rosette, leo we iko bibi-arusi? Unangoja tukunyweshe?"

Kisha akaona machozi yangu, akaacha mzaha.

Charlène hugawa sahani kwa Maman Agnès, mwenye kibanda cha chakula huku mtaani Cimpunda. Mimi ni msongaji. Kila mchana nilisonga bugali wa kuwashibisha wapakuaji mizigo wa soko, katika sufuria moja ambayo mtoto angeweza kuoga ndani yake. Kiwiko kilianza kuuma wakati wa mvua. Shangazi yangu alisema mfupa umehama, akauvuta mpaka nikapiga kelele, na maumivu yakazidi. Maman Agnès sikumwambia kitu. Kwangu mimi, kusema ni kazi kubwa kuliko kusonga.

Charlène akanipeleka kwa Dokta Guylain, kiropraktori, daktari anayetibu viungo kwa mikono yake bila sindano. Alinipima shingo, bega, kisha kiwiko. Alipobonyeza upande wa nje nikaruka.

"Mfupa haujahama," alisema. "Misuli inayoshika mwiko ndiyo imechoka, inavuta hapa. Nionyeshe unavyosonga."

Akanipa fagio na ndoo. Niliona aibu, nikatazama sakafu.

"Songa, dada! Wapakuaji iko na njaa!" Charlène akapiga makofi.

Nikasonga. Dokta aliona nilichokuwa sijakiona: jiko la matofali liko juu, mimi mfupi, bega linapanda, kifundo cha mkono kinapinda, na mkono wa kushoto umekaa kiunoni kama mgeni.

Alinikanda misuli polepole, halafu akakisukuma kiwiko kidogo, kwa haraka. Nikapata nafuu. Akanifundisha zoezi la kufanya nyumbani, kushusha chupa ya maji taratibu kwa kifundo cha mkono.

"Lakini sifanyi muujiza," akasema. "Ukirudi kusonga vilevile, maumivu yatarudi. Mwishowe mkono huo utakataa hata kuchana nywele. Sufuria ishuke, usonge kwa mikono miwili, na mtu akusaidie."

Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Maman Agnès. Nilipomwona, yote yakakimbia, likabaki moja.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kusonga yote peke yangu, maman. Mukono inaniuma tangu mvua. Mutu anisaidie."

"Bugali haina wasongaji wawili!"

Kwetu kila mtu anajua hilo: watu wawili wakipokezana mwiko katika sufuria moja, watakaokula watagombana.

"Unataka wapakuaji wapigane hapa kwangu? Songa, ao wacha mwiko nitafute mwingine."

Maji yalikuwa yanachemka. Wateja walishakaa. Nilijua nikiushika mwiko ule leo, sitauachia mpaka mkono ufe. Nikachukua mbabula mbili, yale majiko madogo ya kupikia mboga ya sombe, nikaziweka chini zikiwa na makaa ya moto. Juu yake nikaweka sufuria mbili ndogo, nikagawa maji, na kila sufuria nikaipa mwiko wake.

"Sufuria moja, msongaji mmoja, maman." Safari hii maneno hayakukimbia. "Yangu ni hii. Ile sitaigusa."

Maman Agnès akamgeukia Charlène.

"Mimi?" Charlène akarudi nyuma. "Maman, mimi naua bugali. Wote wanajua!"

"Ni kweli," akasema Papa Bisimwa, mkubwa wa wapakuaji. "Ile ya siku ya sikukuu ilikuwa mawe ya kujengea. Maman, fanya haraka, tumbo haisikii maneno!"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshamwaga unga katika sufuria yangu, nikisonga kwa mikono miwili, bega chini. Sikuinua kichwa. Nilisikia maji ya sufuria ya pili yakichemka bila mtu, kisha kigoda kikiburutwa. Maman Agnès alikaa karibu nami, akafunga vizuri kitenge, akashika mwiko.

Akasonga mpaka jasho likamtoka.

"Yangu iko laini kuliko yako," alisema bila kunitazama.

"Ndiyo, maman," nikajibu, nikaendelea kusonga yangu.