Impamba ya Athumani

Kompyuta ilitaja jina lake yenyewe, kisha ikanyamaza.

Ndivyo Kastori alivyonisimulia, na mpaka leo nikiikumbuka habari hiyo mwili unanisisimka. Alikuwa ameketi chumbani kwake Muyinga, vidole juu ya vitufe, akisikiliza sauti ya kompyuta ikimsomea majina ya vifurushi vya programu vilivyokuwa karibu kuondolewa. Ilisoma jina baada ya jina, bila haraka, na katikati ya majina hayo likatoka jina la programu ile ile iliyokuwa ikisoma. Halafu ikasoma onyo kwa Kifaransa: kama una hakika, andika maneno haya, *Oui, faites ce que je vous dis*. Ndiyo, fanyeni ninavyowaambia. Kastori akaandika. Sauti ikaanza neno lingine, ikakatikia njiani.

"Ulilisikia hilo jina?" nilimuuliza.

"Nililisikia, dada. Lakini Athumani alikuwa amekaa kando yangu."

Ukiwa si mtu wa kwetu, jibu hilo litakupita. Mimi nililielewa papo hapo.

Kwetu Burundi mtu hasafiri mikono mitupu. Majirani humletea impamba, chakula cha njiani: viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, maharage ndani ya kibakuli chenye mfuniko. Na impamba haikataliwi, hata kama tayari una mzigo wa kukuvunja shingo, wala haifunuliwi mbele ya aliyeileta ili ikaguliwe. Kuikataa ni kumwambia jirani kwamba wema wake hauna uzito. Sasa Athumani, jirani wa Kastori, aliyeuza simu na kutengeneza redio kwenye duka aliloachiwa na babu yake, alijiona mtu wa kisasa. Viazi atapewa na kila mtu, alifikiri. Mwalimu anakwenda Gitega na kompyuta kuukuu, nimpe nini kitakachomfaa? Kompyuta yake ya dukani nayo ilitumia mfumo wa Linux, toleo jipya kabisa. Akanakili vifurushi vyake vyote kwenye flashi, akaifunga flashi ndani ya kitambaa cheupe, akaipeleka kwa mikono miwili.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema akiikabidhi.

Kastori alijua kwamba vifurushi vya toleo moja haviingizwi kienyeji kwenye toleo jingine. Alijua vizuri sana. Lakini impamba ni impamba. Akaiingiza, kompyuta ikakataa, akailazimisha, ikaonya, akaandika yale maneno. Sauti ilipokatika Athumani akapatwa na hofu, akakibana kitufe cha umeme mpaka taa zote zikazima, kazi ikiwa haijafika hata nusu. Tangu hapo kila ilipowashwa ilitoa kioo cheusi chenye maandishi meupe, kimya.

Kimya hicho kilikuwa na bei yake. Kastori ni kipofu. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokulia sote wawili. Alisoma kwa masikio, akawa na Kiswahili cha kutuaibisha sisi tuliokuwa na vitabu. Tuliporudi nchini, wazazi wangu wakielekea Nyarusange na yeye akibaki Muyinga, mtu mmoja wa misaada alimwachia kompyuta ile iliyojua kusema. Kiswahili chake kilikuwa cha ajabu, kama Mzungu aliyefundishwa na Mzungu mwenzake, lakini kwa sauti hiyo Kastori alisoma magazeti na kuandika masomo, asimsumbue mtu.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta Gitega, na moja ya shule nilizozihudumia ilikuwa Mushasha. Walipotafuta mwalimu wa Kiswahili nikamtaja Kastori. Sista Paskazia, mkuu wa shule, hakukataa wala hakukubali.

"Aje Jumatatu afundishe somo moja," aliniambia. "Aliandae mwenyewe, alisome mwenyewe. Sitaki kumwajiri mwalimu, halafu nikute anayefundisha ni mke wake."

Neno hilo lilikuwa kali, lakini halikuwa la uongo. Kabla ya kompyuta, Happy, mkewe, ndiye aliyekuwa macho yake, na sasa Happy alikuwa na mtoto mgongoni na shamba la kulima. Asingeweza kumfuata Gitega. Bila sauti ile Kastori asingeweza kusimama mbele ya darasa, na nafasi ingekwenda kwa mwingine, ambaye tayari alikuwa akipita pale shuleni kila siku kusalimia watu wasiokuwa na haja ya salamu.

Kastori aliponipigia simu, Jumamosi asubuhi nikapanda gari la kupitia Karuzi, nikafika Muyinga jua likiwa kali. Nilimkuta Kastori mezani, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango. Athumani alikuwa mkekani, mgongo ukutani. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, midomo yake imekauka, na aibu ilikuwa imemkausha zaidi.

"Dada Jeska," alianza, "mi sikukuwa na roho mbaya. Mi nilileta vitu mupya, vitu muzuri. Alors, sasa iko kimya. Mi nimeua masikio ya mwalimu."

"Hakuna aliyekufa hapa," Kastori alimwambia. "Sogea, utatusaidia."

Na kweli tulimhitaji. Kompyuta ile ilizungumza na mafundi kwa Kifaransa, na Kifaransa changu, kama cha wengi tuliokulia Tanzania, ni cha kuulizia bei ya vitunguu. Kwa hiyo Athumani alisoma kioo kwa sauti na kututafsiria. Kastori, aliyeyajua kwa moyo majina ya vifurushi vyake vyote, alisema hiki ni cha nini na kile kinamtegemea nani. Mimi niliandika amri. Sisi watatu tukawa mganga mmoja.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mshangao wangu ulipoanzia. Ndani ya Linux karibu hakuna programu inayojitosheleza. Programu ya kusema haijui kutoa sauti. Inaazima kutoka kwa nyingine. Hiyo nayo haijui kuongea na spika. Inaazima kwa ya tatu, na ya tatu inasimama juu ya ya nne. Kila moja imeandikwa na mtu wake, mmoja huko kwenye theluji, mwingine sijui wapi, wengi hawajawahi kushikana mikono, na wengi hawakulipwa hata senti. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuwa nimeijua habari hii tangu nilipojifunza kazi, lakini niliijua kama mtu anavyojua kwamba mto unatoka mlimani. Siku ile niliketi kwenye chemchemi yenyewe.

Vifurushi vya Athumani vilikuwa vimeingia nusu, vikawafukuza wenyeji, kisha vyenyewe vikashindwa kusimama. Kusonga mbele hadi toleo jipya haikuwezekana, kwani mashine ilikuwa kuukuu mno kulibeba. Njia ilikuwa moja, kurudi nyuma. Lakini toleo la Kastori lilikuwa la kale, limeshaondolewa kule kwenye mtandao lilikokuwa likipatikana. Nilijaribu kwa simu yangu, nikajaribu tena nje uani, na kila mara nilijibiwa kwamba hakuna kitu cha jina hilo.

Niliketi. Nikamwambia halipatikani tena.

"Umetazama ghalani?" Kastori aliuliza.

Ghala ni mahali kompyuta inapoweka vifurushi ilivyokwisha kuvitumia. Mafundi wote huwafundisha watu kulisafisha ili nafasi isijae. Mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo.

"Si nilikwambia ulifute kila mwezi?"

"Uliniambia. Sikufuta hata siku moja." Akatabasamu upande wangu. "Dada, wewe umekulia kambini kama mimi. Umewahi kumwona mama yako akitupa kopo?"

Nilifungua ghala. Vyote vilikuwemo, vifurushi vya kale vya miaka yote, tangu siku kompyuta ilipofika mikononi mwake. Akiba haiozi, walisema wazee, na mbele ya kioo kile nilicheka hadi Happy akachungulia kutoka uani kuuliza kuna nini.

Furaha hiyo haikudumu. Nilianza kuvirudisha kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa. Nikaleta kile cha kusema.

"Iko inakataa," Athumani alisoma. "Inasema inataka kwanza ile ya sauti, ya zamani."

Nikaleta kile cha sauti.

"Inakataa. Inataka kwanza ile ya chini yake."

Nikaleta cha chini yake. Athumani akapangusa uso.

"Hii nayo inakataa, dada. Inasema haiwezi kuingia kama ile ya kusema haijaingia. Mais, ni nini hii? Wanatuzungusha kama ofisi ya serikali ya komini!"

Tulizunguka hivyo hadi kivuli cha mgomba wa uani kikafika mlangoni. Nilibadili mpangilio, nikaanza chini, nikaanza katikati, na kila nilipoanzia nilirudi nilipotoka. Nilichoka, na nikaanza kumwogopea Kastori. Alikuwa amevikunja vidole vyake juu ya meza.

"Nakumbuka Kobero," alisema hatimaye.

Kobero ni mpakani, sote tulipitia pale siku za kurudi.

"Tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu mdogo, Klara. Karani alisema kipofu hapiti bila wa kumwongoza. Nikasema wa kuniongoza ni huyu. Akasema huyu ni mtoto, na mtoto hapiti bila mkubwa wake. Klara akasema mkubwa wangu ni huyu. Karani akanirudia mimi: nawe bila wa kukuongoza hupiti. Tulikaa pale wenzetu wote wakipita. Yule bwana hakuwa mbaya, alikuwa amekwama tu, kila mmoja wetu alimtaka mwenzake atangulie."

"Mkavukaje?" niliuliza.

"Klara alinishika mkono akasema, 'Baba, usituhesabu mmoja mmoja.' Tukapita pamoja, hatua moja."

Niliivuta kompyuta karibu. Kisha nikaandika amri moja ndefu, nikavitaja vifurushi vyote ndani yake, cha kusema, cha sauti, cha chini yake na jamaa zao wote, waingie kwa pamoja. Njia hiyo ipo, imeandikwa kwenye maelekezo, na nilishaisoma. Lakini kuisoma ni kitu kimoja, na kuliona lango likifunguka mbele yako ni kitu kingine.

Maandishi yakaanza kushuka. Athumani aliacha kutafsiri, akawa anasoma majina tu, sauti ikipanda kama mtu anayehesabu watoto wake wakirudi kutoka mtoni. "Hii imeingia. Hii imeingia. Na hii! Alhamdulillahi, na hii!"

Tukaizima. Tukaiwasha. Happy alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina maji, mtoto mgongoni. Kioo kikang'aa, kikatulia, na kwa muda hakikutokea kitu. Kastori aliinamisha kichwa upande ule ule.

"Kastori," kompyuta ikasema. "Neno la siri."

Lilikuwa ombi la kawaida, la kila asubuhi: inataja jina la mwenye mashine, kisha inasubiri aingie. Lakini ilipolitaja nililia, wala sioni aibu kulisema. Happy alikaa pale pale kizingitini. Athumani aliinua viganja vyake akasema maneno yake kwa Mungu, na Kastori, aliyeitwa, aliandika neno lake la siri taratibu, akaingia ndani kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Adhana ilipolia tukamfuturisha Athumani kwa tende na uji wa Happy. Wakati wa kuniaga aliniletea impamba, kitambaa cheupe kile kile, kimefungwa fundo. Nilikitazama, nikamtazama.

"Usiogope, dada," alisema. "Hii ni karanga. Haina toleo."

Jumatatu Kastori alisimama mbele ya darasa Mushasha, kompyuta mezani, waya mmoja sikioni. Sista Paskazia aliketi nyuma kabisa, mikono ameikunja. Mimi nilibaki mlangoni nikijifanya nakagua soketi. Kastori alisikiliza, akafundisha, akasikiliza tena, na Kiswahili kikatoka kinywani mwake kimenyooka, chenye utani na methali, mpaka watoto waliozoea Kirundi wakasahau kwamba kiliwahi kuwatisha. Mwisho akauchomoa ule waya ili wote waisikie mashine ikisoma sentensi walizozitunga wenyewe. Wakacheka matamshi yake. Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono, akasimama.

"Mwalimu, nani anasema humo ndani?"

"Watu," Kastori alisema.

"Watu gani?"

"Wengi. Mmoja ametengeneza sauti, mwingine njia ya kuipitisha, mwingine amewashikia wote ngazi. Wao kwa wao hawajuani."

"Umeshawahi kuwaona?"

Nyuma kule Sista Paskazia aliinua kichwa. Kastori alicheka, kicheko chake kirefu ninachokijua tangu kambini.

"Bado," alisema. "Muulize mama huyo aliyejificha mlangoni. Yeye ana macho."

Binti akanigeukia, na darasa zima likanigeukia naye.

"Mimi pia bado," nikasema.

Binti aliendelea kusimama, akiitazama ile kompyuta kuukuu kana kwamba mtu angetokea muda wowote. Sista Paskazia akaja mbele polepole, akamgusa bega.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Mwalimu wenu anaendelea."