Sauti Chini ya Mfuniko

Mwalimu wa mapishi alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake namna ya kukaanga vitunguu bila kuviunguza, na alikuwa amefika mahali pa kusema "Sasa punguza moto," sauti ilipomkauka. Midomo ilicheza, lakini hakikusikika kitu. Wanafunzi hawakushtuka. Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana, na ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli kubwa yenye milango ya vioo, wahudumu walikuwa wameanza kufunua vyakula. Mwanafunzi wa mbele alinyoosha mkono, akapunguza moto mwenyewe. Waliobaki waliegemea meza wakasubiri wageni wa watu washibe.

Katika mji ule, chakula kilichopikwa na mtu aliyefundishwa vizuri husema mfuniko unapofunuliwa, tena husema maneno aliyofundishwa, kwa sauti ya yule aliyemfundisha, na kwa muda huo mwenye sauti huikosa. Aliyejifundisha mwenyewe, chakula chake hukaa kimya, na hakuna anayemcheka. Nyumbani kwa Mwalimu, kila jioni sufuria ilipofunuliwa, ilisema kwa sauti nzito ya mzee aliyemfundisha kupika, ambaye alikwisha kufa siku nyingi.

"Onja kabla ya kutia chumvi."

"Ameonja, mzee," alijibu mume wa Mwalimu, fundi saa, huku akivuta kiti.

Mwalimu alikuwa amefundisha watu chungu nzima. Wengi wao waliishia kukaanga mayai vibandani, na kikaango hakina mfuniko, kwa hiyo sauti yake waliiacha kwake. Aliyemkausha koo ni mmoja tu, mpishi mkuu wa ile hoteli, kijana ambaye darasani walimwita Mtanashati kwa sababu alikuwa akipiga pasi hata aproni. Siku yake ya kwanza alijikata kidole gumba akalia machozi, na Mwalimu ndiye aliyemfunga kitambaa. Siku hizi picha yake ilitundikwa mlangoni mwa hoteli, mikono kaikunja kifuani, kofia nyeupe ndefu utadhani amezaliwa nayo.

Mwalimu alimwonea wivu. Hakuuita uchovu, wala hakuuita presha kama walimu wenzake walivyouita wa kwao. Ulikuwa wivu, na kila alipopita mbele ya ile picha alihamia upande wa pili wa barabara, hata mvua ikinyesha. Jiko lile lilikuwa lake kabla ya kuwa la mtu mwingine. Alipika humo tangu ujana, na nafasi ya upishi mkuu ilipokuwa wazi, meneja alimwita pembeni na kumwambia kwa upole, "Jiko hili ni zito, dada. Linataka mwanamume. Wewe una kipaji cha kufundisha." Ndivyo alivyopelekwa chuoni, na wakamwandalia keki ya kumuaga ambayo aliioka mwenyewe.

Mchana mmoja mumewe alijikakamua akampeleka kula kule hotelini. Mhudumu alifunua bakuli la kuku, na sauti ya Mwalimu ikasikika ukumbini, wazi kabisa: "Taratibu, mwanangu. Haraka ya nini?" Wageni walitabasamu. Mtanashati alitoka jikoni, akainama kidogo, wakampigia makofi.

"Kijana huyu ana ubunifu jamani," alisema mama mmoja wa meza ya jirani. "Hebu sikia alivyomtia na kisauti cha mama ndani."

Mwalimu alitaka kumjibu, ila sauti ilikuwa bado ndani ya kuku. Mumewe akamsaidia.

"Sauti ni ya huyu hapa," alisema, akimwonyesha kwa uma.

Yule mama akamtazama Mwalimu vizuri, akafurahi. "Hongera kwa kuzaa," alisema.

Kuku alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomuuma Mwalimu kuliko yote. Alimla mpaka kwenye mifupa, kosa asilione, na alirudi nyumbani kanuna.

Kisha Mtanashati akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa majiko yote ya kampuni, akatundikiwa picha kubwa zaidi mahali pengine. Nafasi ikawa wazi tena. Mwalimu aliomba. Aliyeshindana naye alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka uliopita, kijana mpole ambaye wenzake walimbandika jina la Ndiyo Mwalimu, maana hakuwa na jibu jingine.

"Shikamoo Mwalimu," kijana alimwamkia siku ya majaribio, wakiwa wamesimama majiko mawili yaliyopakana.

"Marahaba."

Walipika. Katikati ya kazi Mwalimu alichungulia, akaona moto wa kijana umezidi na mchuzi unaanza kushika chini. Angeweza kumwambia. Alinyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kutamu, alikusikia mpaka kwenye vidole. Kijana alinusa, akashtuka, akapunguza moto, kama alivyofundishwa.

Waliokaa kuonja walikuwa meneja na mwenye hoteli. Walifunua kwanza sufuria ya kijana. "Usikoroge sana, kiache kijipike," ilisema kwa sauti ya Mwalimu, na Mwalimu aliyekuwa amesimama palepale akabaki kinywa wazi bila neno mpaka ilipomaliza.

"Safi," alisema mwenye hoteli. "Huyu ana ladha yake."

Wakafunua ya Mwalimu.

"Onja kabla ya kutia chumvi," ilisema sauti nzito ya mzee.

Mwenye hoteli aliweka kijiko chini. "Hiki kapika nani?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Mbona anayesema ni mzee wa kiume?"

"Ndiye aliyenifundisha."

"Kumbe basi ni chakula chake yeye. Sisi tunatafuta mtu mwenye chakula chake mwenyewe."

"Na hicho cha kijana, sauti ni ya nani?"

Mwenye hoteli alimgeukia meneja, na meneja akajibu kwa upole uleule wa zamani. "Hiyo ni sauti ya jiko letu, Mwalimu. Wageni wameizoea."

Walikula chakula chake chote. Meneja alipangusa sahani kwa mkate. Kazi akapewa Ndiyo Mwalimu, na alipoulizwa kama ameridhika na masharti, alijibu, "Ndiyo, Mwalimu," kwa mazoea, akamtazama meneja.

Wiki iliyofuata meneja alivuka barabara, akamkuta Mwalimu akipanga miiko kabatini.

"Tuna ombi dogo," alisema. "Ukiwa darasani, uwe unasema na 'Karibuni, wageni wetu.' Hawa vijana wakija kwetu watakuja nayo. Na kama utaweza, upunguze sauti kidogo. Kuna wageni wanakuja kuongea biashara."

"Na mngenipa kazi, si ningewakaribisha kwa mdomo wangu?"

Meneja alicheka sana, akamgusa bega. "Wewe Mwalimu, kwa utani hujambo."

Jioni ile mumewe alimsikia akifanya mazoezi mbele ya kioo. Alikuwa akitafuta neno la kuwafundisha wanafunzi badala ya lile la meneja, neno ambalo siku moja litafumuka ukumbini mbele ya watu wa biashara. Alijaribu "Mnakula jasho langu." Alijaribu "Wezi nyie, na mkabwe na mifupa."

"La pili," alisema fundi saa kutoka mezani. "La kwanza wataliona la kawaida."

Asubuhi aliingia darasani na lile la pili likiwa tayari ulimini. Alifunga aproni, akawasha moto, akachukua mfuniko. Wanafunzi walikuwa wamekaa kimya, kalamu mkononi, wakimwangalia mdomo wasipitwe na kitu. Alijaribu. Alivuta pumzi, neno likafika kwenye meno. Lakini katika maisha yake hakuwa amejua kufundisha kitu kibaya, na kwa umri ule hakuweza kuanza.

"Karibuni, wageni wetu," alisema.

Mwanafunzi wa nyuma alinyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, huku halikusikika. Tunasema kabla ya kufunua au baada?"

"Wakati wa kufunua," alisema Mwalimu. "Polepole. Na mtabasamu, maana inasikika." Akarudia mpaka wote wakaliweza.